Kujihami Katika Sataranji: Namna ya Kujifunza kwa Mabingwa na kwa Injini

Vijana wengi wanaojiunga na kikundi chetu cha Jumamosi hapa Dodoma huja wakiwa tayari ni hodari wa drafti, na uhodari huo una faida, kwa kuwa wanajua kuhesabu hatua tatu au nne mbele bila kugusa kete. Hata hivyo drafti imewaachia zoea moja ambalo kwenye sataranji huwagharimu sana: katika drafti kula ni lazima, na mkono wa mchezaji wa kijiweni huifuata kete ya kuliwa kabla akili haijauliza nyuma yake kuna nini. Katika sataranji, au chesi kama wengi wetu tunavyoiita, hakuna anayelazimishwa kula, na sehemu kubwa ya ustadi wa kujihami imo katika uhuru huo wa kukataa: kumwacha askari aliyetolewa bure, kumruhusu mpinzani ale kidogo ili asile kikubwa, na kutulia mahali ambapo mwenye hofu angezirusha kete zake mbele.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mchezaji anayezijua sheria, anayeweza kuutaja mraba wowote kuanzia a1 hadi h8, na ambaye hushinda anaposhambulia lakini huporomoka mara tu anaposhambuliwa. Msimamo wangu ni kwamba kujihami hakufundishiki kwa orodha ya mbinu, kwa sababu kila hali mbaya ina ubaya wake. Kinachofundishika ni zoea la kujiuliza maswali mawili kila zamu, kwa mpangilio uleule: mpinzani angecheza nini kama zamu hii ingekuwa yake, na kati ya vitu vyangu vinavyotishwa, ni kipi ninachoweza kukiacha kiende. Wachezaji wakubwa hutufundisha kulijibu swali la pili, na injini, yaani programu za kompyuta zinazocheza sataranji, hutusahihisha pale tulipokosea la kwanza.

Anza pale ambapo jibu ni moja

Wengi hutaka kujifunza kujihami katikati ya mchezo, ubao ukiwa umejaa kete na vitisho vikitoka kila upande. Mimi humwanzisha kila mgeni mwishoni mwa mchezo, ambako kete ni chache na ukweli unaweza kuthibitishwa kwa macho. Weka mfalme mweupe e5, askari mweupe e6 na mfalme mweusi e7, kisha mpe mweusi zamu. Mfalme huyo ana miraba mitatu tu ya kwenda, nayo ni d8, e8 na f8. Akirudi e8, mchezo ni sare: mweupe akija d6, mweusi anakwenda d8 na kumkabili uso kwa uso; askari akisogea e7 kwa cheki, yaani akimtishia mfalme, mfalme mweusi anarudi e8; na mweupe hana namna ya kumlinda askari wake isipokuwa kukaa e6, ambapo mweusi anakosa pa kwenda ingawa hajatishwa. Hali hiyo tunaiita mkwamo, na kwa sheria za sataranji ni sare. Lakini akirudi d8 au f8, amepoteza, kwa sababu safari hii mfalme mweupe ndiye atakayemkabili, na mweusi ndiye atakayelazimika kupisha.

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, upepo ulipokuwa ukiangusha kete zetu za plastiki mpaka tukauhamishia ubao ndani, binti wa kidato cha pili alicheza hali hii dhidi yangu mara sita mfululizo. Mara tatu za mwanzo alikwenda d8. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mwalimu, kurudi nyuma moja kwa moja naona kama nasukumwa. Nikienda pembeni, angalau nimechagua mwenyewe." Mara ya nne alikaa kimya mkono ukiwa shavuni, akaweka kidole kwenye e8, akakiondoa, akakirudisha. Sikumwambia neno. Mkwamo ulipotokea hakushangilia, bali alizipanga kete upya kwa mikono yake ili aone kama ungetokea tena, na ulipotokea mara ya pili na ya tatu alifungua daftari na kuandika "e8" kwa herufi kubwa ukurasa mzima. Katika maneno yake alikuwa ameugusa ugonjwa wa wachezaji wengi, kwamba hatua ya kujihami hukataliwa kwa sababu inaonekana ya kinyonge, hata pale ambapo ndiyo hatua pekee iliyopo.

Kutoka hapo nenda kwenye ngome, kete ya pembeni inayokwenda kwa mstari mnyoofu. Kuna kinga inayobeba jina la Philidor, Mfaransa wa karne ya 18, ambayo kila anayetaka kuokoa nusu pointi anapaswa kuijua. Mweupe ana mfalme d5, askari e5 na ngome h7. Mweusi ana mfalme e8 na ngome a6. Mweusi anaiacha ngome yake kwenye mstari wa 6, akiipeleka huku na huko, ili mfalme mweupe asiweze kupanda. Askari akisogea e6, basi na hapo tu, ngome ya mweusi inashuka mpaka a1 na kuanza kutoa cheki kutoka nyuma, kwa kuwa askari aliyekuwa kivuli cha mfalme mweupe ameshaondoka e5 na mfalme huyo hana tena pa kujificha. Kosa la kawaida ni kuanza cheki mapema, kabla askari hajasogea.

Ongeza hali ya tatu, ambayo haina haja ya maelezo mengi: mweupe akibaki na askari wa safu ya h pamoja na askofu wa miraba myeupe, na mfalme mweusi akafika h8, hakuna wa kumtoa pale, kwa sababu h8 ni mraba mweusi na askofu huyo hawezi kuugusa kamwe. Mtu anayelijua hili anaweza kutoa kete nzima kwa hiari ili afike kwenye pembe hiyo.

Faida ya kuanzia hapa ni kwamba hali zote zenye kete saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa, zimeshakokotolewa hadi mwisho na kompyuta, na tovuti ya Lichess inazionyesha bure: unaweka kete, nayo inakuambia kwa kila hatua kama ni ushindi, sare au kushindwa. Hiyo si makadirio, ni jibu kamili. Tumia wiki tatu au nne hapo kabla ya kusonga mbele.

Kaa upande wa anayebanwa

Mtu anapojifunza kutoka kwa mabingwa huwa anafuata michezo ya ushindi, tena kwa macho ya mshindi. Ukitaka kujua kujihami, geuza ubao na ukae upande wa anayebanwa.

Mwalimu wa kwanza ninayempendekeza ni Tigran Petrosian, Muarmenia aliyezaliwa Tbilisi mwaka 1929 na kuwa bingwa wa dunia kuanzia 1963 hadi 1969. Katika mashindano ya wagombea yaliyofanyika Curaçao mwaka 1962, ambayo ndiyo yaliyompa nafasi ya kuwania ubingwa, alicheza michezo 27, akashinda 8, akatoka sare 19 na hakupoteza hata mmoja. Waswahili tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Petrosian alikuwa akiziba nyufa ambazo mpinzani alikuwa bado hajaziona, kiasi kwamba michezo yake mingi inaonekana kama haina tukio. Usidanganyike na utulivu huo. Kila anapopeleka mfalme pembeni au kurudisha farasi nyuma, simama uulize ni shambulio gani limekufa kabla ya kuzaliwa.

Mchezo mmoja wake nawaomba wanafunzi waupange kwenye ubao wa kweli, si kwenye simu. Ni ule aliocheza na Samuel Reshevsky wa Marekani katika mashindano ya wagombea ya mwaka 1953 huko Uswisi. Petrosian alikuwa na kete nyeusi, na askari wawili weupe katikati, d4 na e5, walikuwa wakijiandaa kuporomoka juu yake. Kete zake zilikuwa zimesongamana na farasi wake hakuwa na mraba wa maana. Katika hatua ya 25 aliipeleka ngome yake e6, mahali ambapo askofu wa Reshevsky angeweza kuila kwa gharama ya askofu peke yake. Sababu inaonekana ukiitazama polepole: ngome iliyosimama e6 inamziba askari wa e5 asisogee, farasi anapata nafasi ya kupitia e7 hadi d5, na ngome ikiliwa, askari wa f anaila e6 na kuufunga ukuta wa miraba myeupe ambao mweupe hana tena askofu wa kuugusa. Reshevsky aliila ngome, farasi akafika d5, na mchezo ukaisha kwa sare. Petrosian alilijibu swali la pili, lile la kipi kiende, kwa kukitoa kitu ambacho wengi wetu tungekilinda kwa machozi.

Namna ya kusoma mchezo kama huo ni hii. Chukua kaunta buku, gawa ukurasa katika safu tatu, na uzifunike hatua zinazofuata kwa kipande cha karatasi. Katika safu ya kwanza andika mpinzani anataka nini. Katika ya pili andika hatua ambayo wewe ungecheza. Kisha shusha karatasi na uandike katika ya tatu alichocheza bingwa. Jipe dakika tano hadi kumi kwa kila hatua, na anza pale tu matatizo yanapoanza, kwa sababu ukianza na ufunguzi utachoka kabla ya kufika penye somo. Hatua ulizopatia zipite. Hatua ulizokosa ziwekee alama mbili tofauti: moja kwa zile ambazo hukuona kitisho, na nyingine kwa zile ambazo ulikiona kitisho lakini ukachagua kinga mbaya. Baada ya michezo kumi utajua ugonjwa wako ni upi kati ya hayo mawili, na dawa zake hazifanani. Asiyeona vitisho anahitaji mazoezi mengi ya mafumbo akitatua kwa upande wa mshambuliaji; anayechagua vibaya anahitaji kuwasoma zaidi akina Petrosian.

Mwalimu wa pili ni wa zama zetu. Mwaka 2016 mjini New York, Sergey Karjakin aliwania ubingwa dhidi ya Magnus Carlsen, na michezo 12 ya muda mrefu iliisha kwa sare ya pointi 6 kwa 6, ingawa Carlsen alishinda baadaye katika michezo ya haraka. Itafute michezo miwili, wa tatu na wa nne. Katika yote miwili Karjakin alibanwa kwa saa nyingi, akiwa na hali ambayo wengi wangeiita ya kupoteza, na akaokoka: wa tatu ulikwenda hatua 78 na wa nne hatua 94. Hakuna hatua ya kushangaza hata moja ambayo mtu angeibandika ukutani. Kuna mtu anayekataa kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza, hatua baada ya hatua, akimlazimisha mwenzake athibitishe ushindi wake.

Injini iwe mshambuliaji wako

Sasa tuje kwenye injini. Stockfish, ambayo imekuwepo tangu mwaka 2008 na ambayo tangu 2020 inapima hali kwa mtandao wa nyuroni, ni ya bure na ina nguvu kuliko binadamu yeyote. Imo ndani ya programu ya simu ya Lichess, na kwa sisi tunaohesabu bando ni vizuri kujua kwamba ukishaipakua programu hiyo unaweza kucheza na kompyuta hata simu ikiwa haina intaneti. Ni wajibu wangu pia kusema kwamba kuifungua injini wakati mchezo na mtu mwingine unaendelea ni wizi, na mchezo ulioibwa haumfundishi mtu kujihami.

Wachezaji wengi huitumia injini kama hakimu. Mchezo ukiisha wanautazama ule mstari wa alama, wanaona mahali uliposhuka, wanasikitika na kufunga simu. Nawasihi waitumie kama mshambuliaji. Chukua mchezo wako mwenyewe uliopoteza, rudi mpaka hatua ile ambayo hali ilikuwa mbaya lakini haijaanguka, tuseme injini inampa mpinzani faida ya kati ya 1 na 2 katika alama zake, kisha bonyeza sehemu ya kuendelea na kompyuta kutoka hali hiyo na uilinde. Utapoteza. Irudie hali ileile, ubadilishe mpango, na uandike umedumu hatua ngapi. Mara ya kwanza unaweza kuanguka katika hatua ya kumi, mara ya tano katika ya thelathini, na ongezeko hilo ndilo somo lenyewe, kwa maana injini haikosei kwa huruma wala kwa uchovu.

Kabla ya kuiuliza injini chochote, andika kwanza jibu lako kwenye daftari. Anayeanza na jibu la injini hujenga zoea la kukubali, na mchana wa mashindano injini haipo mezani.

Namba zenyewe zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022, Stockfish imepangwa ili namba 1 imaanishe kwamba upande ulio juu una nafasi ya takribani asilimia 50 ya kushinda pale injini zinapochezana zenyewe. Yaani hata kwa wachezaji wasiochoka, nusu ya hali za namna hiyo haishindwi. Kwa sisi wenye saa inayokimbia na jua la saa nane linaloingia dirishani, nafasi ya kuokoka ni kubwa zaidi, na kusalimu amri mapema ni kumpa mpinzani kitu ambacho bado hajakifanyia kazi.

Lipo jambo moja ambalo lilinichukua muda mrefu kulielewa, nami nalieleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo injini humpotosha mwanafunzi mwenye bidii. Iamuru injini ionyeshe mistari, yaani mifuatano ya hatua inazozipendekeza, mitatu au minne kwa pamoja badala ya mmoja. Mara nyingi utaona mstari wa kwanza umeandikwa 0.00, yaani sare kamili, na wa pili unampa mpinzani 0.8. Akili husema chagua wa kwanza. Nilifanya hivyo katika mchezo wangu mmoja niliokuwa nikiuchambua, nikiwa nimepungukiwa askari wawili, na nikajaribu kuilinda ile sare dhidi ya injini. Nilianguka mara ya kwanza, nikaanguka mara ya pili. Nilipoufuata mstari ule kwa utulivu niligundua kwamba sare yake ilihitaji hatua saba mfululizo ambazo kila moja ilikuwa ya pekee, na ukikosa mojawapo umekwisha. Mstari wa pili, ule wa 0.8, ulikuwa unabadilishana malkia na kuniacha na ngome na mfalme aliyejipanga vizuri, ambapo kila zamu nilikuwa na hatua tatu au nne za kutosha. Binadamu anapaswa kuchagua huo wa pili. Kwa hiyo, unapochambua, usiulize tu hatua ipi ni bora. Sogea hatua tano mbele katika kila mstari na uhesabu, kila zamu, ni hatua ngapi zinazoshikilia hali. Pale zinapokuwa moja moja, pana shimo. Pale zinapokuwa tatu, pana njia ya kupita.

Udhaifu mwingine wa injini ni kwenye maboma. Wazee wa Kigogo walijenga tembe, nyumba fupi za paa bapa la udongo, wakazipanga kuuzunguka ua wa ng'ombe, na ulinzi wake ulikuwa katika uchache wa milango. Boma la sataranji liko hivyohivyo: mpinzani ana kete nyingi kuliko wewe lakini hana mlango wa kuingilia. Injini inaweza kuendelea kuonyesha 2 au 3 kwa sababu inahesabu mali, ilhali hali haishindiki. Dalili ni hii: ziache hatua kumi au kumi na tano zipite na uitazame namba, ikiwa haipandi na mshambuliaji anazungukazunguka, huenda umekuta boma. Kagua jambo moja kabla ya kuliamini, nalo ni kama una hatua ya kusubiri. Katika sataranji huwezi kupitisha zamu, na boma ambalo mlinzi wake analazimika kuufungua mlango kwa kukosa hatua nyingine limeshabomoka. Ndiyo maana mfalme au ngome iliyo ndani lazima iwe na miraba miwili ya kwenda na kurudi.

Rudi kwa mtu

Kulinda dhidi ya injini pekee kuna hasara yake, kwamba injini haitishiki wala haiudhiki, na mlinzi hujifunza kusubiri tu. Mpinzani wa kweli hukasirika ushindi unapochelewa, huharakisha, na hapo ndipo milango ya kujibu shambulio hufunguka. Kwa hiyo sisi hufanya zoezi moja kila Jumamosi: tunachukua hali kutoka mchezo wa mabingwa ambapo upande mmoja uko juu wazi, tunawapa wachezaji wawili dakika ishirini kila mmoja, kisha wanabadilishana pande na kuanza upya. Pointi za mlinzi tunazihesabu mara mbili. Tangu tuanze hesabu hiyo, vijana waliokuwa wakigombea kete nyeupe sasa wanagombea upande ulio taabani.

Wakati wa zoezi hilo mlinzi anaruhusiwa kitu kimoja ambacho mshambuliaji haruhusiwi: kuinuka, kunywa maji na kurudi. Mara nyingi kosa kubwa huja mara tu baada ya kosa la kwanza, moyo ukiwa bado unadunda, na dakika moja ya kusimama huokoa kuliko hesabu ya dakika kumi. Akirudi mezani, aanze tena na swali la kwanza, kama vile hali ile imeletwa na mtu mwingine na yeye ndiyo kwanza anaiona.

Zile hali ulizozipoteza dhidi ya injini ziandikie tarehe na uzirudie baada ya miezi miwili bila kutazama ulichoandika. Binti yule wa kidato cha pili alirudi mwezi Septemba, nikampangia mfalme e7 na askari e6 bila maelezo, naye akamrudisha mfalme e8 huku akiendelea kuzungumza na mwenzake wa meza ya jirani.